Aliyeambiwa Akakae kwa Jirani

Wasikilizaji wa Kasongo, na ninyi wa Kabambare ambao mawimbi yetu yanawafikia usiku mvua ikitulia, jioni hii nimekuja na filamu ya kuchekesha. Ni ya Wafaransa, ilitoka mwaka 1978, na inahusu wanaume wawili wanaoishi kama mke na mume, ambao siku moja inawabidi kupokea wakwe nyumbani kwao. Najua kuna mkono umeshanyooka kuelekea redio ili uizime. Nauomba huo mkono usubiri kidogo. Nitaanza na habari ya nyumbani kwetu, kisha tutaingia kwenye filamu, na mkiona mambo hayo mawili hayahusiani, basi zimeni.

Mimi nililelewa na mama mdogo. Mama mzazi alikwenda machimbo ya Namoya kuwapikia wachimbaji dhahabu nikiwa sijajua kuhesabu hadi kumi, akawa anarudi mara moja moja, siku mbili tatu, kisha safari tena. Walio Salamabila wanayajua maisha hayo, sina haja ya kuwaeleza. Aliyenibeba mgongoni nikiwa na homa ni mama mdogo. Aliyenifundisha kuoga, kusalimia wakubwa na kutokula kwa watu bila kukaribishwa ni yeye.

Naye alikuwa akipika lutuku. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, palikuwa na pipa lililoungua likawa jeusi, na bomba refu lililotoka kwenye pipa likapita ndani ya maji ya baridi, na mwisho wa bomba chupa. Tone, kisha kimya, kisha tone. Usiku nilisoma kwa mwanga wa moto ule ule uliokuwa ukichemsha pombe. Daftari, kaptula ya shule, dawa ya malaria, vyote vilitoka kwenye chupa zile. Mume hakuwa naye. Wanaume walikuja kunywa wakaondoka, na mtaa ukasema yale ambayo mtaa husema juu ya mwanamke wa namna hiyo.

Nilipotaka kuoa, nilimpenda msichana wa Kabambare. Kwao ni watu wa dini, baba yake hakosi swala hata moja. Wazee wa huko wakatuma neno kwamba kabla ya kuzungumza habari ya mali, wanataka kuja kuona nyumba binti yao atakayoingia. Nikamwendea mama mdogo jioni, akiwa anachochea moto. Nikasema, "Mama, ile siku wazee watakapokuja..." Sikuweza kuendelea. Aliendelea yeye. Akasema, "Nitakwenda kukaa kwa jirani."

Siku hiyo aliamka alfajiri akapika wali, kuku wawili, na sombe kwa mawese. Pipa tulilikokota hadi porini tukalifunika kwa majani. Majivu tuliyafagia, tukamwaga mchanga juu yake. Tulimwomba shangazi mmoja wa ukoo, mke wa mwalimu, mwanamke wa heshima zake, akae kwenye mkeka kama mama yangu. Pikipiki za wakwe zilipoanza kusikika bondeni, mama mdogo alifunga kitenge upya, akapita mlango wa nyuma. Wageni wakala wakashiba. Wakausifu upishi. Shangazi akainamisha kichwa kupokea shukrani, na mimi nikanyamaza. Baada ya chakula tukapeleka sahani kwa jirani, imefunikwa kwa sahani nyingine. Magharibi niliikuta imerudishwa, imeoshwa, imelazwa kifudifudi kwenye kizingiti cha jiko. Sikuthubutu kumuuliza kama alikula.

Sasa tuje kwenye filamu.

Ilianza kama mchezo wa jukwaani, La Cage aux Folles, ulioandikwa na Jean Poiret na kuchezwa kwa mara ya kwanza Paris, kwenye Théâtre du Palais-Royal, mwezi wa Februari 1973. Poiret mwenyewe alicheza, pamoja na rafiki yake Michel Serrault, na watu wakaujaza ukumbi miaka na miaka. Mwaka 1978 Édouard Molinaro akaugeuza filamu. Serrault akabaki na nafasi yake, na Mwitaliano Ugo Tognazzi akaja kucheza nafasi ya mwenzake. Huko Ufaransa peke yake ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 5. Marekani nayo ikaipokea: Broadway wakaugeuza ule mchezo wa Poiret kuwa wa nyimbo mwaka 1983, na mwaka 1996 Mike Nichols akaitengeneza filamu upya kwa jina la The Birdcage, wakicheza Robin Williams na Nathan Lane.

Kisa chenyewe ni hiki. Renato ana ukumbi wa muziki na maonyesho mjini Saint-Tropez, kando ya bahari. Albin ndiye nyota wa ukumbi huo: usiku anavaa gauni na wigi, anaimba, anaitwa Zaza. Wawili hao wamekaa pamoja miaka 20. Renato ana mtoto wa kiume, Laurent, aliyezaa na mwanamke mmoja zamani, na mwanamke huyo akaendelea na maisha yake. Mtoto akalelewa na Renato na Albin. Na katika malezi, Albin ndiye aliyekuwa mama.

Laurent amekua, anataka kuoa. Msichana ni binti wa mwanasiasa wa chama kinachojigamba kuwa mlinzi wa maadili ya taifa. Wakwe wanataka kuja kuwaona wazazi wa kijana. Basi Laurent anamwendea baba yake na kumwambia kwamba nyumba ibadilishwe, picha zote ziondolewe ukutani, atafutwe yule mama mzazi aje akae mezani kwa jioni moja. Na Albin aondoke.

Niliiona filamu hiyo kwa mara ya kwanza Bukavu, nikiwa nimekwenda huko kusoma, kwenye kompyuta ya mwenzangu. Tulikuwa vijana wanne kwenye kitanda kimoja, tunacheka mpaka tunasukumana. Ilipofika hapo, pale Albin anapoelewa kwamba ni yeye anayeondolewa, wenzangu waliendelea kucheka kwa sababu Serrault anapiga kelele na kuzirai kama mwigizaji mkubwa alivyo. Mimi koo lilinikauka. Nilikuwa nimeona sahani iliyolazwa kifudifudi.

Watu wengi husimulia filamu hii kwa kutaja gauni na wigi. Mimi nasema kiini chake ni lile ombi la mtoto kwa mtu aliyemlea. Hana chuki naye. Anampenda, na ndiyo maana ombi lenyewe ni baya kiasi kile. Anamwomba kwa upole, kama mtu anayeomba kuazima koti, na mzee wa watu anakubali kujifuta ili mtoto aoe. Vichekesho vyote vinavyofuata vimesimama juu ya kidonda hicho, na mwandishi alijua alichokifanya.

Tazama ile sehemu ya mkate. Renato anaona huruma, anaamua Albin abaki, ila aitwe mjomba. Basi inabidi afundishwe kukaa kiume. Anapewa kipande cha mkate mkavu, ule unaovunjika ukiugusa, na kisu cha siagi, aonyeshe jinsi mwanamume anavyopaka. Anapaka, mkate unapasuka mkononi. Mwenzake anamwambia apake kwa nguvu, na asishtuke ukivunjika, kwani mwanamume hashtuki kwa mkate. Anajaribu tena. Kisha anafundishwa kutembea kama John Wayne, yule mchunga ng'ombe wa filamu za Marekani, mabega mbele, miguu mbalimbali. Tunacheka, na tukicheka tunagundua kwamba hata huyo John Wayne naye mwendo wake ni wa kujifunza. Hata uanaume unaokaa kwenye mkeka wetu siku ya mali, kifua mbele, sauti nzito, maneno machache, tulifundishwa na baba na wajomba tangu tukiwa wadogo, na kila mmoja wetu alivunja mikate yake kabla ya kuweza.

Halafu anavalishwa suti nyeusi. Anakaa kitini, mikono magotini. Hakuna mtu katika nyumba ile anayeonekana wa ajabu kuliko yeye akiwa ndani ya ile suti. Hapo inaonekana wazi kwamba haifai. Na wakwe wako njiani.

Mama mzazi anachelewa. Wageni wameshaketi. Mara mlango unafunguka, anaingia bibi mmoja wa makamo, nywele zimepangwa, nguo ya heshima, mkufu shingoni. Ni Albin. Amekuja kuwa mama kwa njia pekee anayoijua. Na yule mwanasiasa mkali wa maadili anampenda! Anaona huyu ndiye mwanamke wa nyumbani aliyekuwa akimtafuta katika hotuba zake zote: anayejali mume, anayejua jiko, anayelia akitaja mwanawe. Wakwe wangu waliusifu wali wa mama mdogo kwa maneno ya namna hiyo hiyo, wakimtazama mwanamke mwingine.

Katika filamu ya Marekani ya mwaka 1996 kuna mambo mawili yaliyonishika zaidi kuliko katika ile ya Wafaransa. La kwanza ni wanaume wale wawili wamekaa nje kwenye benchi, wamegombana, na wanazungumza habari ya makaburi. Mmoja ana kiwanja chake cha kuzikwa mahali fulani, mwenzake ana chake mahali pengine. Yule mwenye ukumbi anamwambia mwenziwe kwamba atauza kiwanja chake anunue karibu na cha mwenziwe. Kwetu Maniema kila mtu anaelewa neno hilo. Unaweza kugombana na ndugu maisha yote, lakini swali la nani atalala kando ya nani likishajibiwa, undugu umeshathibitishwa. La pili ni pale uongo unapoporomoka mezani. Mama mzazi amefika, kuna mama wawili chumbani, wakwe wamechanganyikiwa. Kijana anasimama, anamvua wigi Albert, ndiye Albin wa Wamarekani, anawaambia wakwe kwamba huyu ndiye mama yake. Mbele ya wote. Mimi sikusimama.

Lakini niseme pia kilichoniudhi. Katika nyumba ya Renato na Albin kuna mtumishi, jina lake Jacob, mtu mweusi, aliyechezwa na Benny Luke. Anavaa vinguo vya mjakazi wa kike, anajiringa, na kazi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho ni kuchekwa. Filamu inayotuomba tuwaheshimu wanaume wawili weupe haikupata hata dakika tano za kutuonyesha Jacob ana nani, anatoka wapi, jioni anakula na nani. Mwaka 1996 Wamarekani wakamweka hapo mtu wa Guatemala, nafasi ikabaki ile ile. Sisi tunaijua nafasi hiyo. Wakati wa Wabelgiji, Mkongo hakuruhusiwa kutazama filamu ila ile iliyopitishwa kwa ajili yake. Kisha miaka ya 1950 padri Albert Van Haelst kule Kasai akatutengenezea Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, tucheke na tujifunze adabu. Wazee waliozitazama filamu hizo waliwapenda wale wawili, sitawaondolea furaha yao. Ila aliyeamua nini kinachekesha katika Mwafrika hakuwa Mwafrika. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba kuna watu huko Ulaya walioona Albin amefanywa kikaragosi, kwamba si kila mwanamume wa aina yake huvaa gauni na kupiga mayowe, namwelewa upesi sana. Ninaipenda filamu hii na doa lake ninaliona.

Kuna anayesema: hayo ni ya Wazungu, kwao ni kawaida. Hapana. Mchezo huo ulipoanza mwaka 1973, sheria ya Ufaransa ya mwaka 1960 ilikuwa bado inawaweka watu kama Albin katika orodha moja na ulevi na ukahaba, ikiwaita janga la jamii. Mpaka mwaka 1982 sheria za nchi hiyo ziliwapimia umri wa ridhaa kwa kipimo tofauti na cha wengine. Waliokuwa wanajaza ukumbi wa Poiret walitoka katika nyumba ambazo mtoto wa namna hiyo alifukuzwa au alifichwa. Walikwenda kucheka, na wengi wao walikwenda kumcheka. Wakakuta kwamba anayechekwa sana mwisho wa hadithi ni yule mlinzi wa maadili. Mwenyekiti wa chama chake amekufa kitandani kwa kahaba, waandishi wa habari wamezingira nyumba, na njia pekee ya kutoka bila kupigwa picha ni kuvaa gauni na wigi kama Zaza. Anayavaa.

Kwa majirani zetu haijawa kicheko. Kenya, mwaka 2018, Wanuri Kahiu alitengeneza Rafiki, hadithi ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindania kiti kimoja. Aliitoa katika hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kupokelewa Cannes. Aprili mwaka ule Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya ikaipiga marufuku, na mwongozaji akaeleza kwamba walitaka abadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Mwezi wa Septemba Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7, ili iweze kupelekwa kushindania tuzo za Oscar, na watu wakapanga foleni Nairobi mpaka viti vikaisha. Ninachokikumbuka zaidi katika filamu hiyo ni baba wa Kena, mmoja wa wasichana hao, mgombea ambaye kampeni yake inaharibika mbele ya macho yake na bado anasimama upande wa binti yake. Na mwaka 2021 bodi hiyo hiyo ikaizuia I Am Samuel ya Peter Murimi, ambayo haikuigizwa na mtu. Kwa miaka mitano kamera ilimfuata kijana wa magharibi mwa Kenya, baba yake mkulima na mhubiri, akingoja mwanawe alete mke.

Uganda, tangu mwaka 2023, sheria dhidi ya watu wa namna hiyo inafika hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Kwetu Kongo, Katiba ya Februari 2006, ibara ya 40, inasema kila mtu ana haki ya kufunga ndoa na mtu amtakaye, wa jinsia nyingine. Kwa hiyo ndoa ya namna ile haipo kwetu. Lakini sheria yetu ya jinai haina kosa la watu wa jinsia moja kupendana. Mwaka 2010 muswada wa kuliweka ulipelekwa bungeni, haukupita. Polisi akitaka kumsumbua mtu atatumia ibara ya kuvunja adabu hadharani, na hongo itazungumzwa. Hayo ni ya serikali. Mimi nazungumza ya parsele, kwa sababu kijana wa Kasongo hakutani na hakimu kwanza. Anakutana na kaka zake.

Na tazama lugha yenyewe tunayowatukania vijana hao. Pwani, Zanzibar, ambako Kiswahili chetu kilitoka, mwanamke humwita mwanamke mwenzake shoga, rafiki wa kusukana nywele na kutunziana siri. Neno hilo hilo sasa linarushwa kama jiwe kwa mvulana anayetembea kwa namna yake. Kila mtaa unamjua mmoja. Ndiye anayepamba harusi zetu, ndiye anayejua kitenge kipi kinakwenda na kipi, ndiye anayewachezesha bibi harusi na wenzake. Harusi ikiisha anatukanwa njia nzima mpaka kwao. Kisha siku moja haonekani. Tukiuliza, familia inasema amekwenda Bujumbura, au Kigoma, au kwenye mashimo ya dhahabu. Hatuulizi tena. Mama yake anaendelea kupika chungu kile kile, na sahani moja inazidi.

Ninyi mashehe na mapadri, sijaja kufungua vitabu nanyi. Mnavijua kuliko mimi. Nawauliza habari ya mtoto aliyeko mlangoni na begi lake. Mtoto huyo mlimsomea adhana sikioni au mlimbatiza kwa mikono yenu.

Na tusiseme kwamba undugu wetu haujawahi kunyooshwa. Mji huu ulinyoosha undugu kuliko miji mingi. Soma maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Alipofika Utetela kwa sultani Kasongo Rushie, alikuwa amesikia kwamba dada za mzee huyo walichukuliwa mateka zamani. Akajidai kuwa mjukuu wa mmoja wao. Alikuwa Mwarabu wa Unguja, na hadithi yake ilikuwa ya kutunga. Mzee akamkumbatia, akamkabidhi utawala. Baadaye Tippu Tip akafanya Kasongo makao yake, na mpaka majeshi ya Mbelgiji Dhanis yalipoingia Aprili 1893 mji ulikuwa umejaa watu waliotoka kila upande, Wanyamwezi, Wakusu, Wazimba, wa pwani, wengi wao wameletwa kwa minyororo, watoto wasiojua kijiji cha mama yao. Watoto hao walipewa jina, wakapewa mkeka, wakaitwa waungwana, na vitukuu vyao ndio nyinyi mnaonisikiliza. Kasongo Rushie alimpokea mgeni mwenye bunduki kwa hadithi ya uongo. Sisi tunamkana aliyezaliwa kwenye kitanda chetu, mwenye pua ya babu yake.

Huwa naambiwa: ukimkubali huyu, wakwe watasema nini? Swali hilo nalijua kwa ndani. Ni swali langu. Mimi sikumficha mama mdogo kwa sababu ya Mungu. Nilimficha kwa sababu ya wageni wa siku moja. Na sidhani kwamba mimi peke yangu. Angalia ni nani katika koo zetu hatutaki aonekane siku ya mali: mwenye kifafa, binti aliyezaa na askari wa vita akarudi na mtoto, mjomba aliyekaa gerezani, mwanamke wa lutuku, na huyo mvulana. Wote wanapita mlango mmoja wa nyuma. Aliyekaa kwa jirani siku ile akisikiliza vigelegele vya nyumba yake mwenyewe angeweza kuwa yeyote kati yao.

Wakwe wangu walijua, mwisho wa yote. Mke wangu ndiye aliyewaambia, miezi michache baada ya ndoa, kwa sababu alikula sombe ya mama mdogo siku moja, akarudi kwao Kabambare, akamsikia baba yake bado anaisifu sombe ya siku ile. Akamwambia ni ya nani. Mzee alikaa kimya siku nzima. Alipokuja Kasongo tena alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, akamkuta mama mdogo kwenye pipa lake, akamsalimia kwa jina la mama wa mkwe wake, akaomba samahani kwamba alikula bila kumshukuru mpishi. Akasema lutuku haipendi na hataipenda. Kisha akaketi kwenye kigoda.

Mama mdogo sasa amezeeka, macho yamepungua. Anakaa kwangu. Wiki iliyopita mwanangu aliniletea ile filamu ya Marekani kwenye simu, na usiku niliitazama na mama mdogo, mimi nikimfasiria neno kwa neno. Nilihofia atachukia. Alishangaa kidogo mwanzoni, akauliza kama huyu ni mwanamume kweli, nikamwambia ndiyo. Alicheka sana pale kwenye mkate. Kwenye benchi la makaburi alitikisa kichwa akasema wana akili. Kijana alipomvua mzee wigi na kuwaambia wakwe ni nani, nilifasiri, sauti ikanikwama, yeye hakusema kitu.

Mwanasiasa alipotoka amevaa gauni alipiga makofi. Kisha ikaja harusi, na majina ya watengenezaji yakaanza kupanda kwenye kioo. Nilikuwa nataka kuzima simu. Akanishika mkono akauliza, "Yule aliyemlea, siku ya harusi walimkalisha wapi?"

Nikarudisha picha nyuma, nikasimamisha. Nikamwonyesha kwa kidole: amekaa na familia. Mama mdogo akaichukua simu mikononi mwangu, akaisogeza karibu na macho yake.